Mganga Mwenye Mkuki

Ugomvi ulianza Jumapili mchana kwenye kibanda cha chakula cha Verdiana, na mtu aliyegombaniwa hakuwapo duniani.

Aliitwa Sabure. Alikuwa askari wa mkuki ndani ya Safari, mchezo ambao Sadick aliujifunza chuoni Mwanza na kwenda nao machimboni pale dhahabu ilipofumuka karibu na Ringwani, mwaka ule ambao nusu ya vijana wa Tarime walihamia vilimani na sururu. Safari haina ubao. Msimulizi mmoja, naye alikuwa Sadick, anaeleza kinachotokea, na kila mchezaji ana mtu wake aliyemwandika kwenye ukurasa wa daftari: jina, kazi, na ngazi aliyofikia. Ukitaka kufanya jambo gumu, unarusha dadu. Ukifanikiwa, unapata alama, na alama zinakupandisha ngazi.

Wachezaji walikuwa wanne. Verdiana alimchezesha mpiga ngoma ambaye maadui wote walimwogopa kwa mdomo wake. Mzee Waitara, aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na nane na bado anashuka shimoni, alimchezesha mfuata nyayo. Jackson, kijana wa miaka ishirini na tatu, alimchezesha mganga aitwaye Obaso. Nyamhanga, mtu mpana wa kutoka Gorong'a, ndiye mwenye Sabure.

Miezi mitatu nyuma Nyamhanga alikuwa ameomba jambo geni. "Nimechoka kuchoma watu," alisema. "Sabure aache mkuki. Awe mganga."

Sadick alifikiri siku nzima kabla ya kumjibu. Alimwekea sharti. Sabure ataanza uganga kutoka ngazi ya kwanza, kama mtoto. Mkuki hataugusa mpaka uganga wake uipite ngazi ya sita aliyofikia kwenye uaskari, na siku atakayougusa kabla ya hapo, alama zake zote za siku hiyo zinafutwa. Nyamhanga alikubali. Kwa miezi mitatu Sabure alijificha nyuma ya wenzake akifunga vidonda vidogo, na Nyamhanga hakulalamika hata mara moja.

Jumapili ile uganga ukafika ngazi ya saba. Mkuki ukarudi.

Majambazi sita waliwavamia kwenye kivuko. Sabure akaangusha watatu, akamfunga jeraha mfuata nyayo, akaangusha wa nne. Wachezaji wengine walikuwa bado hawajafungua midomo.

"Kwa hiyo mimi nafanya nini hapa?" Jackson akauliza.

"Unaponya," Sadick akasema.

"Namponya nani? Ameshawaponya. Na kupigana amepigana. Tumembebea mizigo tu."

Nyamhanga akamtazama, akamwita kijana kwa Kikuria. "Nimeteseka miezi mitatu, mura. Sikuiba kitu."

"Sijasema umeiba. Nasema hapa hapana kazi yangu."

Verdiana alijaribu kuingilia, lakini Jackson alikwisha kusimama. Alichana ukurasa wa Obaso kutoka kwenye daftari, akaukunja, akautupia jikoni, akaondoka. Sadick alibaki na dadu mkononi. Alijua kwamba Jackson ana haki na Nyamhanga ana haki, na kwamba aliyeandika sharti ni yeye.

Kesho yake saa mbili asubuhi Sadick, Mzee Waitara, Jackson na Nyamhanga walishuka pamoja kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia, futi themanini kwenda chini. Hawakusalimiana, isipokuwa kila mmoja alimwamkia Mzee Waitara shikamoo, na mzee akaitikia marahaba huku akiwatazama mmoja mmoja. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kuta zilitoa jasho.

Chini kabisa kulikuwa na tawi lililoingia pembeni kufuata mwamba wenye dhahabu, hatua kumi na mbili hivi, kimo cha mtu aliyeinama. Humo ndimo walimokuwa wakipiga nyundo waliposikia mlio juu yao. Ulikuwa mlio mkavu, kama mtu anayevunja kuni kwa goti. Ukafuata mwingine. Kisha udongo wote wa duara ukashuka kwa mara moja.

Upepo wake uliwatupa ukutani. Vumbi likajaa vinywani. Ilipowezekana kuona, tochi ya Sadick ilimulika mahali palipokuwa na mlango wa tawi, na pale palikuwa na kifusi, mawe, na miti iliyovunjika ikichomoza kama mifupa.

"Jina," Mzee Waitara akasema gizani. "Kila mtu aseme jina."

Walisema. Wote wanne walikuwa wazima. Jackson alikuwa anapumua haraka sana, na kila pumzi ilikuwa na sauti.

Nyamhanga hakungoja. Alikuwa fundi matimba, yeye ndiye aliyeweka miti ya kuzuia kuta za duara lile, na pia alikuwa mpiga mwamba kama wenzake. Alirukia kifusi akaanza kuvuta mawe kwa mikono. Alitoa moja, yakashuka matatu. Alitoa jingine, na kitu kizito juu kikasogea, na udongo ukamwagika mpaka magotini mwake.

"Acha!" mzee akasema. "Nyamhanga, acha, utatuzika!"

Kilichowaokoa kwanza ni mpira wa kuvutia maji. Ulipita katikati ya kifusi, umebanwa lakini haujakatika, na mdomo wake ulikuwa humo tawini. Sadick alipouwekea sikio alisikia kelele za mbali, kisha sauti ya mwanamke iliyo karibu kama mtu aliyekaa naye.

"Nani yuko hai huko? Semeni!"

"Verdiana," Sadick akasema. "Tuko wote. Tuko kwenye tawi."

Alimsikia akipiga kelele kwa watu wa juu, kisha akarudi. "Nisikilizeni vizuri. Kifusi kikiguswa kinashuka zaidi. Heche na watu wake wanakuja kwenu kupitia duara lao, wanatoboa ukuta wa pembeni. Itachukua saa nyingi. Msichimbe. Mkitikisa huko chini, huku juu kunabomoka. Kaeni, pumueni polepole, na huu mpira msiuache."

Heche alikuwa kiongozi wa duara jirani. Kwa wiki mbili walikuwa wakigombania naye mpaka.

Walizima tochi zote isipokuwa moja, nayo wakaiwasha kwa vipindi. Walipanga zamu za kuweka mdomo kwenye mpira, maana hewa kidogo ilikuwa inapita. Kisha hakukuwa na la kufanya tena ila kukaa, na kukaa kulikuwa kugumu kuliko kuchimba. Jackson aliendelea kupumua mbiombio. Nyamhanga aliinuka, akapapasa miti kwenye dari, akakaa, akainuka tena.

"Matimba yako hayo," Jackson akasema.

Nyamhanga akapapasa mti mwingine.

"Nasema matimba yako hayo, Nyamhanga. Tutakufa kwa matimba yako."

Sadick alisikia Nyamhanga akisogea, akasikia jiwe likikwaruza. Wanaume wawili wakishikana mahali kama pale, wote wanne wangekwisha. Alifungua kinywa bila kujua atasema nini, na maneno yaliyotoka yalikuwa yale aliyoyazoea kila Jumapili.

"Mmevuka kivuko. Mbele yenu kuna bonde lenye ukungu, na kutoka kwenye ukungu mnasikia mtu analia."

Mzee Waitara akasema taratibu, "Naangalia chini. Kuna nyayo?"

"Dadu hatuna," Sadick akasema. "Shika kokoto mkononi, mimi nitabashiri. Witiri au shufwa. Nikikosea, umefaulu."

Mzee akaokota kokoto. Sadick akasema witiri. Zilikuwa nne.

"Kuna nyayo," Sadick akasema. "Za ng'ombe kumi na watu wawili, na mmoja anachechemea."

Walicheza. Nyamhanga aliingia kwa nguvu, kama mtu aliyepewa kamba. Kilio kilikuwa cha mwanamke aliyejeruhiwa, Sabure akamfunga. Fisi wakatokea, Sabure akawachoma. Mto ulikuwa umefurika, Sabure akaukagua kwa mkuki, akapita. Sauti yake ilikuwa inatulia. Lakini Jackson hakusema neno, na baada ya muda Sadick akagundua kwamba hata pumzi zake hazisikiki tena.

"Jackson."

Hakuitika.

Sadick aliwasha tochi. Jackson alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba nusu, kidevu kifuani. Walimvuta mpaka kwenye mpira na kumpiga mashavu mpaka akakohoa. Hewa ilikuwa mbaya, na aliyelala ndani yake angeweza asiamke. Sadick aliona wazi kinachotokea. Mchezo wake ulikuwa unamweka macho mtu mmoja na kumbembeleza mwingine alale.

Akafanya kosa. "Sabure anachoma tena," akasema, "na mkuki unavunjika. Umebaki mti mtupu."

"Umevunjika kwa nini?" Nyamhanga akauliza.

"Umevunjika tu."

"Hatujabashiri kokoto. Umeuvunja wewe."

"Nyamhanga..."

"Umeninyang'anya. Nimefanya ulichosema, miezi mitatu, halafu unaninyang'anya." Akainuka. Walimsikia akienda kwenye kifusi, na mawe yakaanza kushuka moja moja, tak, tak, na Sadick akamrukia na kumshika kiuno. Alikuwa kama anashika fahali. Lakini Nyamhanga hakumsukuma. Alisimama, paji la uso limegusa mti uliovunjika.

"Mti wa tatu kutoka juu," akasema. "Niliuona Alhamisi. Ulikuwa na ufa. Nilimwambia mwenye duara nahitaji siku moja niubadilishe. Akasema siku hiyo hakuna, nipige mwamba kwanza, miti nitaiangalia jioni. Jioni nilikuwa nimechoka. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi sikuuangalia kabisa."

Maji yalidondoka mahali fulani gizani.

"Mafundi matimba walikuwa wawili," Mzee Waitara akasema. "Mmoja mwenye duara alimwondoa, ili wewe ufanye kazi zote, matimba na mwamba."

"Ndiyo, mzee. Na mimi nilikubali."

Sadick alimrudisha akae. Alifikiri juu ya mkuki aliouvunja. Kumpunguza Nyamhanga hakukumpa Jackson chochote. Kulimwacha mmoja mwenye hasira na mwingine vilevile hana kazi. Tatizo halikuwa kwamba Sabure anajua mambo mawili. Tatizo ni kwamba yeye msimulizi alikuwa akileta jambo moja kwa wakati mmoja, na mtu mwenye kazi mbili akaliwahi kila mara.

"Nimekosea," akasema. "Mkuki ni mzima. Nakuomba radhi. Tunaendelea. Mko ukingoni mwa mto. Upande wa kulia, ng'ombe wamepatikana, lakini wezi wamegeuka na wanakuja na mapanga, wako hatua ishirini. Upande wa kushoto, majini, mtoto ametolewa kwenye matope. Hapumui. Yote haya ni sasa hivi, kwa pamoja. Sabure, uko wapi?"

"Namponya mtoto kisha..."

"Hakuna kisha. Mikono yako ni miwili. Uko kulia au kushoto?"

Nyamhanga aligeuza kokoto kiganjani. Hakuna Jumapili hata moja aliyowahi kuulizwa hivyo.

"Na mtoto asiyepumua," Sadick akaongeza, "mganga wa ngazi ya saba hamuwezi. Anahitaji wa ngazi ya tisa."

Mzee Waitara akageuza uso gizani. "Obaso ana ngazi ngapi?"

"Obaso hayupo," Jackson akasema kwa sauti nzito, ya mtu anayetoka mbali. "Nimemchana."

"Ulichana karatasi," Sadick akasema. "Yeye yuko ukingoni na wenzake. Ana ngazi tisa. Mtoto ana rangi ya bluu midomoni. Wezi hatua kumi na tano."

"Niko kulia," Nyamhanga akasema ghafla. "Nawazuia. Jackson, mtoto ni wako. Mimi simwezi."

Walisubiri. Sadick alihesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, tatu, nne.

"Namlaza ubavu," Jackson akasema. "Namtoa matope kinywani kwa kidole. Nipe kokoto."

Kutoka hapo Sadick hakuwaachia nafasi ya kulala. Kila alipoleta jambo aliliweka na jingine mbali nalo, na kila moja lilimdai mtu wake. Sabure aliweza kuziba pengo popote, lakini pengo moja tu kwa wakati, na ilimbidi aulize wenzake wanamhitaji wapi. Mara mbili Jackson alimwita. Mara moja alimkatalia: "Hapa natosha, nenda kwa mzee."

Saa fulani mpira ukakoroma, na sauti ya Verdiana ikatoka humo. "Nawasikia mnacheza. Na mimi mmeniacha wapi?"

"Uko juu ya kilima," Sadick akasema. "Unaona ng'ambo ya mto."

"Basi napiga ngoma kuwaita watu wa vijiji vyote. Nashika kokoto ngapi? Subiri." Akaondoka kwenye mpira, na aliporudi sauti ilikuwa imepasuka kidogo, akaifunika kwa kukohoa. "Heche anasema wamebakisha kama hatua nne. Mwamba ni mgumu. Endeleeni kucheza, nasikia."

Aliyehofiwa kulala sasa alikuwa mzee. Majibu yake yalikuwa yanafupika. Sadick alimwambia nyayo zimeingia kwenye mawe, akamwuliza atazifuataje, na mzee akaanza kueleza jinsi alivyofuata ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, kutoka Gorong'a mpaka karibu na mpaka wa Kenya, siku tatu, akisoma kinyesi na majani yaliyolambwa umande. Halikuwa tena jambo la mchezo. Alikuwa anapita njia ile kweli. Kisha akaacha katikati ya sentensi.

"Tata Waitara," Jackson akaita, kama anayemwita baba yake. "Halafu? Siku ya tatu?"

Hakujibu. Jackson alimfuata kwa magoti, akampapasa uso, akamburuta mpaka kwenye mpira na kumwekea mpira mdomoni. Ilikuwa zamu yake mwenyewe Jackson. Baadaye ikawa zamu ya Nyamhanga, naye akasema, "Mwache hapohapo." Na ya Sadick ikapita vilevile. Jackson aliendelea kumsemesha mzee sikioni, akibahatisha rangi ya kila ng'ombe, na mzee akijibu kwa kuminya mkono wake.

Waliposikia nyundo upande wa pili wa ukuta, hakuna aliyeshangilia. Sauti ya Heche ilipita kwenye ufa, nyembamba. "Nikitoboa, dari yenu itakaa? Kuna fundi humo?"

"Yupo," Nyamhanga akasema.

Walikuwa na vipande vitatu vya miti visivyovunjika. Nyamhanga alivipima kwa viganja gizani. Alikosa kupiga kabari mara mbili. Jackson alimwacha mzee kwa Sadick, akawasha tochi ya mwisho, akaishikilia kwa mikono yote miwili ili isicheze.

"Usiharakishe," akamwambia. "Ufanye hii tu."

Ilipokwisha Nyamhanga alipiga ukuta mara tatu. Mwamba ukatoboka, hewa ikaingia, baridi, na mkono wa mtu usiojulikana ukajitokeza ukipapasa. Walimtoa Mzee Waitara kwanza. Saa kumi na moja jioni wote wanne walikuwa juu, kwenye mwanga uliowaumiza macho, na Verdiana alikuwa bado ameshika mpira wa maji akilia, hasemi kitu, yeye ambaye hakukosa la kusema.

Mzee alilazwa hospitalini Mugumu siku nne. Mapafu yalipona nusu. Watoto wake walimchukua kumrudisha nyumbani, na hakushuka shimoni tena.

Alhamisi maofisa wa madini walikuja kuuliza juu ya duara. Mwenye duara alisema mbele ya watu wote kwamba miti ilikuwa kazi ya fundi, na fundi yuko pale. Nyamhanga akasimama. Aliwaeleza ufa wa mti wa tatu, siku aliyouona, na siku alizopita chini yake bila kuugusa. Hakujitetea. Wakaandika jina lake.

Ndipo Jackson akanyoosha mkono. "Andikeni na hili," akasema. "Kazi ilikuwa ya watu wawili. Mmoja aliondolewa, na huyu akapewa matimba na mwamba kwa siku ileile. Aliomba siku moja, akanyimwa." Heche, aliyekuwa nyuma, akasema ni kweli, wote pale wanajua.

Duara lilifungwa, na mwenye nalo akakatazwa kufungua jingine mpaka kesi iishe. Nyamhanga alikatazwa kazi ya matimba kwa mwaka mmoja. Alisema ni haki.

Jioni hiyo yeye na Jackson walitembea pamoja kwenda barabarani kusubiri gari, mmoja akielekea Gorong'a kulima kwa kaka yake, mwingine Turwa kwa mama yake. Sadick alikuwa nyuma yao kidogo na mfuko wake, akawasikia.

"Sijakusamehe yote," Jackson alisema.

"Najua."

"Lakini umekiri mwenyewe mbele ya watu, na mimi nilikuwapo."

Nyamhanga alichukua begi la Jackson begani, Jackson akamwachia, wakaendelea kutembea.